Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Hutunzwa na Nani?

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili, na ndani ya maana hizo mbili umo ugomvi wote ninaotaka kuuanzisha hapa. Neno lenyewe ni kutunza. Katika ukumbi wa taarab, kutunza ni kuinuka kitini, kujongea jukwaani kwa madaha na kumpa mwimbaji noti mbele ya macho ya watu. Nyumbani, kutunza ni kulea: kutunza mtoto, kutunza mgonjwa, kutunza amana ya mtu hadi arudi. Kutunza kwa kwanza humalizika wimbo unapomalizika. Kutunza kwa pili hakuna makofi, hakuna sare, na hakuna siku ya kumalizika. Dai langu ni hili: serikali yetu huitunza sanaa kwa maana ya kwanza, na maana ya pili imewaachia wafadhili wa ng'ambo na bahati nasibu.

Msomaji asinifahamu kuwa nalalamika kwamba fedha hazipo. Zipo, na hutumika. Itazame ratiba ya mwaka: tarehe 12 Januari tunaadhimisha Mapinduzi, tarehe 26 Aprili tunaadhimisha Muungano, na tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunayo na hiyo. Katika kila sherehe pana ngoma, pana beni, pana msewe na kibati kutoka Pemba, na aghalabu pana mshairi anayesimama kuusoma utenzi alioutunga kwa siku tatu. Wasanii huletwa kwa magari, huvalishwa sare, hupewa chakula na posho, kisha wakarejeshwa makwao. Siku ya pili yake hakuna anayeuliza kama ngozi ya ngoma imechanika, au kama mpiga zumari aliyekwisha kuzeeka amepata wa kumrithi. Hazina imenunua saa moja ya ngoma. Mpigaji na miaka yake arubaini ya kujifunza hakumo katika hesabu.

Wako watakaosema kwamba kuitaka serikali iilee sanaa ni jambo geni, fikra iliyoletwa na vitabu vya Wazungu. Historia ya visiwa hivi inawakanusha. Katika mapokeo ya taarab tunaambiwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kwenda kujifunza muziki, na kwamba aliporudi aliwafundisha wenziwe hapa. Tupime jambo hilo kwa macho ya mhasibu. Fedha zilitolewa, mtu akaenda, akakaa, akajifunza, akarudi, akasomesha. Siku aliyoondoka hapakuwa na wimbo wa kusikilizwa wala mgeni wa kufurahishwa. Hiyo ilikuwa fedha ya kulea. Mnamo mwaka 1905 ikaundwa Akhwan Safaa, na kikundi hicho kingali hai baada ya zaidi ya karne moja. Mwaka 1928 Siti binti Saad akavuka bahari kwenda Bombay kurikodi nyimbo kwa Kiswahili, na sauti yake ikasikika katika pwani nzima. Mti uliopandwa kwa fedha za kasri uliwapa kivuli hata wale ambao kasri halikuwafikiria kabisa.

Sikusudii kuwasifu masultani. Fedha ile ilikuwa ya wananchi, nayo ilitumika kwa anasa ya wachache. Ninachosema ni kwamba kama mtawala asiyechaguliwa na mtu aliweza kutoa fedha leo kwa tunda litakalochumwa baada ya miaka, basi serikali inayojiita ya wananchi haina udhuru. Wala hatuna wa kumsingizia. Utamaduni haumo katika orodha ya mambo ya Muungano. Jambo hili ni letu wenyewe, na Baraza la Wawakilishi ndilo mahali pake.

Sasa tuitazame hali yetu ya miaka ya karibuni. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo picha yake imo katika kila kitabu cha wageni, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jumba hilo limo ndani ya Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lilikuwa limefungwa kwa wageni tangu mwaka 2012 baada ya sehemu yake kuanguka, na ukarabati uliokuwa ukiendelea siku ile ulikuwa ukifanywa kwa msaada wa Oman. Siku chache baadaye ukaingia mwaka 2021, ambao Umoja wa Afrika uliutangaza kuwa mwaka wa sanaa, utamaduni na urithi. Katika mwaka huo huo alifariki Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu. Na katika mwezi wa Oktoba, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa aliyeondoka akiwa kijana, akapewa Nishani ya Nobel ya fasihi. Salamu za pongezi zilimiminika, na zilistahili. Lakini salamu hazina gharama. Mwaka uliofuata, riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis na mchapishaji wa Dar es Salaam. Swali la kuiuliza serikali yoyote inayojivunia mwandishi ni jepesi: umenunua nakala ngapi, na umezipeleka skuli zipi?

Nimewataja wafadhili, na haki yao lazima wapewe. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lilianza mwaka 1998, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kikafunguliwa mwaka 2002, na Sauti za Busara likaanza mwaka 2004. Hayo yote yamewapa vijana wetu jukwaa, ala na walimu, na sehemu kubwa ya fedha imetoka kwa balozi na mashirika ya nje. Wahenga, hata hivyo, walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka 2019 Chuo cha Muziki kilitangaza hadharani kwamba kinaweza kufunga milango kwa sababu wafadhili wake walikuwa wamefika mwisho wa ahadi zao. Chuo kiliokoka, na tamasha lilirudi. Lakini ni aibu gani kubwa kuliko hii, kwamba hatima ya ganuni na kidumbak katika mji uliozilea iamuliwe na mabadiliko ya sera katika mji mkuu wa Ulaya?

Jirani na jambo hilo lipo jingine ambalo washairi tunalijua na hatulisemi. Tuzo inayojulikana zaidi kwa miswada ya fasihi ya Kiswahili, ikiwemo mashairi, ilianzishwa mwaka 2014 kwa fedha za kiwanda cha mabati cha Kenya na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Tunawashukuru. Ilichukua hadi mwaka 2023 kwa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na taasisi ya umma huko Bara, kutolewa kwa mara ya kwanza. Hatua hiyo ni njema na naipongeza. Lakini muuza mabati ametangulia dola kwa karibu miaka tisa katika kuithamini lugha ambayo dola hiyo huitaja katika kila hotuba.

Je, fedha ya umma ikitumika kulea huzaa nini? Jibu linapatikana kwa huyo huyo Haji Gora. Alikuwa mtu wa bahari na wa kazi za mikono, mtunzi ambaye diwani yake ya Kimbunga ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994. Mwaka 2006 Baraza la Kiswahili la Zanzibar likachapisha Kamusi ya Kitumbatu aliyoitunga. Fikiri, ndugu msomaji: kamusi ya lahaja inayosemwa katika kisiwa kidogo. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu ambaye angeichapa, kwani wanunuzi wake wangehesabika. Hakuna mgeni ambaye angeisoma akiwa amelala ufukweni. Hata hivyo leo ipo, na maneno ambayo yangezikwa pamoja na wazee yamo katika karatasi. Vitabu vyote viwili vilitoka kwa taasisi za umma. Kimoja kimemfikisha mshairi wa Tumbatu katika madarasa ya vyuo vikuu, na cha pili kimeiokoa hazina ya maneno. Gharama yake kwa taifa ilikuwa ndogo kuliko ya kulipamba jukwaa kwa sherehe ya asubuhi moja.

Hapa ndipo ninapotarajia pingamizi la kwanza, nalo ni zito: hospitali hazina dawa, skuli hazina madawati, nawe unataka fedha za mashairi. Nalijibu kwa hesabu. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje ya nchi hutakiwa kulipa dola 44 za bima kabla ya kuingia, na wageni wanaendelea kuja. Basi na itozwe dola moja tu kwa kila mgeni, iwekwe pembeni kwa sheria, iitwe dola ya utamaduni. Kwa idadi hiyo ya wageni, tutakuwa na zaidi ya dola laki saba kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu. Hakuna kitanda cha hospitali kitakachoondolewa wala dawati litakalopunguzwa, kwa sababu fedha hiyo haimo katika mfuko wowote leo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena mgeni huyo hana haki ya kulalamika. Mchanga mweupe na maji ya buluu vipo Maldivi, vipo Shelisheli, vipo Morisi. Kilichomo hapa na kisichopatikana kule ni milango ya nakshi, nyimbo za taarab, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, na lugha iliyosafiri kutoka pwani hii hadi Kongo. Picha za vitu hivyo hutumika kumwita mgeni. Si dhuluma basi akichangia dola moja ili vitu hivyo visife kabla hajarudi mara ya pili.

Pingamizi la pili husemwa na wafanyabiashara: kizuri chajiuza. Msanii aliye hodari, wanasema, soko litamlipa, na asiye hodari asibebwe. Soko hulipa kweli, lakini hulipa wimbo uliokwisha kuiva. Halimlipi mwanafunzi kwa miaka kumi anayoshika udi vibaya. Halimlipi mzee anayekumbuka tungo mia na hana sauti tena ya kuziimba. Halilipi kuyakausha na kuyahifadhi maandishi ya Kiarabu yaliyomo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2003 katika rejista yake ya kumbukumbu za dunia, na ambayo joto na unyevu wa bahari huyashambulia usiku na mchana. Ukiliachia soko peke yake, litakupa kile ambacho hoteli hutaka: nusu saa ya ngoma baina ya supu na matunda, kila usiku ile ile, mpaka mpigaji mwenyewe asahau kwamba ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Kwa sababu hiyo hiyo mikopo haitoshi. Huko Bara, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umekuwa ukiwakopesha wasanii. Mkopo unamfaa mwenye studio, mwenye kampuni ya filamu, mwenye bidhaa ya kuuza. Lakini mkopeshe mtunga tenzi, naye atakulipa kwa nini? Diwani ya mashairi ikiuza nakala mia tano katika nchi zetu huhesabiwa kuwa imefanikiwa. Kumwambia mtunzi wake akope ni kumwambia asitunge.

Pingamizi la tatu ndilo linalotoka kwetu wenyewe washairi, na ndilo ninaloliogopa. Anayepewa hunyamaza. Mkono ukishalishwa na hazina, kalamu huanza kuandika kile ambacho hazina hupenda kusoma. Hofu hii ina mashiko. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi waliombwa waieneze siasa mpya, na ngonjera zikatungwa na kusomeshwa maskulini. Baadhi zilikuwa na ufundi, lakini ni chache ambazo mtu huzikariri leo kwa hiari yake. Na hapa kwetu chombo cha umma cha sanaa huitwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Sina ugomvi na watumishi wake, ambao hufanya kazi waliyopewa na sheria. Nina ugomvi na jina. Haiwezekani mkono wa kulea na mkono wa kukagua uwe mkono wa mtu mmoja, kisha tutarajie kwamba mtunzi atakuja kuomba msaada huku kifua kikiwa wazi.

Dawa ya hofu hiyo ni kumtenga mtoaji na mwamuzi. Serikali itoe, na mwingine aamue. Baraza la Sanaa la Uingereza lilipoasisiwa mwaka 1946 lilijengwa juu ya msingi huo: Bunge hupitisha kifungu cha fedha, na baraza ndilo linaloamua nani apewe. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 na serikali ya Kenya kwa kuandika waraka ulioihoji nchi yake inaelekea wapi. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Liliwezekana kwa sababu waliopewa kazi ya kuamua waliisoma diwani, wakaliacha faili lake kwa wenye kazi ya mafaili. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Basi niseme waziwazi ninachokitaka, maana lawama isiyo na pendekezo ni kelele. Nataka mfuko ulioundwa kwa sheria, wenye chanzo chake cha fedha, usiosubiri huruma ya bajeti ya kila mwaka. Nataka bodi yake iwe na watunzi, wanamuziki, mafundi na wasomi wa Unguja na Pemba, wenye muhula wenye kikomo, na wasiwemo ndani yake wenye kazi ya sensa. Nataka kila mwaka ichapishwe orodha ya waliopewa na kiasi walichopewa, ili jirani ya mpewaji ajue na aulize. Na nataka sheria yenyewe ikataze fedha hizo zisinunue fulana, mabango, maturubai wala posho za vikao.

Zitanunua nini? Kwanza, vitabu. Norway, nchi ambayo ubalozi wake umekuwa miongoni mwa wafadhili wa muziki wetu, ilianzisha kwao mwaka 1965 utaratibu ambao fedha ya umma hununua mamia ya nakala za vitabu vipya vya fasihi na kuzigawa kwa maktaba. Mwandishi hulipwa, mchapishaji hathubutu kuogopa, na msomaji wa kijiji cha mbali hupata diwani mpya. Ikiwa sisi tutanunua nakala 300 za vitabu 20 kwa mwaka, na tukakisia shilingi 15,000 kwa kitabu, gharama ni shilingi milioni 90. Pili, walimu. Tuchukue mafundi na wazee 30: mpiga ganuni, mpiga zumari, mchonga milango, muunda jahazi, mshona kofia, mjuzi wa tungo za kale. Kila mmoja apewe shilingi 300,000 kwa mwezi kwa sharti moja, kwamba awe na wanafunzi wawili. Kwa mwaka ni shilingi milioni 108. Jumla ya mambo mawili hayo ni milioni 198, ambayo haijafika sehemu moja ya saba ya bilioni moja na nusu. Kinachobaki kiende katika kuhifadhi maandishi, kurikodi wazee wangali hai, na kutengeneza kumbi na majumba kabla hayajatuangukia.

Na sisi tuliobeba kalamu tusijifanye watakatifu. Tumekuwa wepesi wa kuitikia mwito wa jukwaani. Tukiitwa kumsifu mkubwa, vina hutujia kama mvua ya masika, na mizani haikosei. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumesifu mpaka tembo limekuwa maji matupu. Mshairi anayekubali kutunzwa kwa noti ya papo kwa papo ameshaipa serikali hoja ya kutomlea. Anayetaka haki na aidai kwa sauti ile ile aliyoitumia kusifu.

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Mei, Wawakilishi wetu hukaa Chukwani kuijadili bajeti. Jimbo lako lina mwakilishi, na mwakilishi huyo anakula harusi mtaani kwako na kuzika makaburini kwenu. Muulize, kabla ya hotuba ya wizara inayohusika haijasomwa, iwapo yuko tayari kusimama na kuidai dola moja. Akisema hakuna fedha, mkumbushe dola 44. Akisema sanaa si kipaumbele, mwombe asikualike tena kutunga utenzi wa kumkaribisha mgeni wake.